Udi wa Bibi na Kompyuta Isiyowaka

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi tu: nitamwambiaje bibi yangu kwamba udi wake ndio unaoiua kompyuta yangu?

Cheka, mwanangu, nimekuruhusu. Najua pia kwamba umri wangu bado haunipi haki ya kumwita mtu mwanangu. Mvi sina, na chuo nimekimaliza juzi juzi. Lakini kila anayekaa mbele ya kompyuta hapa sebuleni kwetu Utende huniita mwalimu, na mwalimu ana ruhusa ya kuwa mama kwa muda wa somo. Nivumilie basi. Kabla hujashika bisibisi nina jambo la kukusimulia.

Siku yenyewe naikumbuka kwa harufu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mapazia bado yananukia udi wa Ijumaa, na mimi nimekaa mkekani naitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kusema amekuja kwa shida gani. Nikibonyeza, feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi. Baada ya muda mfupi inajizima, inajiwasha yenyewe, inajizima tena. Hakuna picha, hakuna mlio.

Kompyuta ile niliiunda kwa mikono yangu. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam nilizoea kwenda Kariakoo kutafuta vipande vilivyokwisha kutumika. Kasha nililipata kwa huyu, ubao mkuu kwa yule, feni moja nilipewa bure kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Nikavifunga, nikavuka navyo kuja Mafia nimelipakata kasha kama mtoto mchanga. Bi Tatu, bibi yangu aliyenilea, alipoiona inawaka kwa mara ya kwanza hapa nyumbani alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kama nimeposwa.

"Ndiyo, ameposwa," bibi akawajibu. "Mume mwenyewe huyo hapo. Mnene, hasemi, na anakula umeme."

Tangu siku hiyo akaanza kuifukiza. Udi wa nyumbani unaujua: umepikwa kwa sukari, mafuta na marashi, na moshi wake ni mzito, ukishika kanga hautoki hata ukiifua. Kila Ijumaa, na kila alipotoka mgeni ambaye jicho lake hakulipenda, bibi aliweka chetezo chenye makaa chini ya meza, mbele kabisa ya feni inayovuta hewa. Moshi ulipoingia ndani ya kasha alifurahi sana.

"Tazama linavyovuta! Linaupenda."

Alikuwa anaikinga na husuda. Kwa mapenzi yake yote. Ningesema nini?

Ilipoanza kusumbua nilichungulia kwenye matundu ya kasha, nikaona feni zimevaa utando wa rangi ya kahawa, unanata, na vumbi limeukamata. Nikajua hapo hapo pa kuanzia. Halafu nikaanza kwingine kote. Nilibadili waya wa umeme. Nilihamia soketi nyingine. Niliazima kioo cha jirani. Niliulaumu umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, nikailaumu chumvi ya upepo wa bahari inayokula hata bawaba za milango. Mambo hayo yote yanawezekana, na ndiyo maana yalinifaa. Yalinipa kazi ya kufanya mbali na chetezo. Ningefungua kasha pale sebuleni bibi angeona, angeona angeuliza, angeuliza ningelazimika kujibu. Na kumwambia mzee aliyekulea kwamba kinga yake imegeuka madhara, kwetu sisi ulimi hauendi huko kwa urahisi.

Kwa hiyo nikawaza. Mimi kuwaza sijambo. Niliwaza nimwambie moshi unanikohoza. Niliwaza niihamishie kompyuta chumbani kwa kisingizio cha jua. Niliwaza nifiche makaa. Nilitunga maneno ya upole, nikayapanga, nikayafuta, nikayapanga upya, na kila nilipomwona anakuja nilimuuliza habari za magoti yake.

Wakati wenyewe haukuwa unanisubiri. Nilikuwa nimemwahidi Mama Rukia, jirani yetu mkulima wa mwani, kwamba nitafungua darasa la kompyuta na binti yake atakuwa wa kwanza. Rukia alikuwa amemaliza kidato cha nne na hana shughuli. Mama yake hakunificha.

"Mwalimu, mimi maneno siyataki, nataka kuona. Hiyo mashine nije niione inafanya kazi kwa macho yangu haya. Ikifanya, Rukia atabaki hapa asome kwako. Isipofanya, anakwenda kwa mjomba wake Temeke akamsaidie dukani."

Rukia alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, anatikisa kichwa kwangu taratibu mama asimwone. Hakutaka kwenda. Hakuna neno alilosema, lakini kile kichwa nilikiona kila nilipofumba macho.

Tukakubaliana Jumamosi, maji yakishajaa, atakapotoka kwenye mwani. Nami kwa upande wangu nilikuwa nimejiapiza moyoni kwamba mashine isipowaka mbele ya Mama Rukia, napanda boti narudi Dar kutafuta kazi yoyote ile. Begi nilishalipanga. Lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba changu.

Sasa turudi mkekani. Nimekaa pale, kioo cheusi, bibi akaingia na chetezo, makaa yamekolea.

"Leo tuna mgeni," akasema. "Ngoja nimfukize mgonjwa wako apate nguvu."

Akainama chini ya meza. Nami nikanyoosha mkono nikaziba matundu ya feni kwa kiganja.

Hotuba yote niliyoitunga ikawa hiyo: kiganja.

"Nini tena?" bibi akauliza.

"Moshi, bibi."

"Moshi umekufanya nini?"

"Unaingia ndani, unaganda. Nadhani… nadhani ndio unaoizuia isiwake. Nisamehe, bibi."

Alikwenda kukiweka chetezo kizingitini, akarudi, akakaa mkekani kwa taabu, goti moja kwanza halafu la pili.

"Hili umelijua tangu lini?"

"Tangu ilipoanza kusumbua."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nakuheshimu, bibi."

"Ala!" Akaniangalia kama nimemwambia kitu cha matusi. "Yaani umenishtaki moyoni mwako, ukanihukumu, halafu ukanisamehe. Na mimi mshtakiwa niko jikoni nakuchomea vitumbua, sina habari kama nina kesi! Hiyo ni heshima ya wapi? Anayefichwa mambo ni mtoto mdogo. Mimi ni mtoto?"

"Hapana, bibi."

"Na lile begi nyuma ya mlango?"

Nikageuka kuutazama mlango wa chumba changu.

"Unadhani silioni? Kila nikifagia nalisogeza. Nikawa najisemea, mke mwenzangu keshanichoka, anasubiri hili dude life ndipo apate sababu ya kupanda boti."

Mke mwenzangu ndilo jina analoniita kwa utani tangu nikiwa mdogo. Safari hii hakulisema kwa utani. Mwanangu, katika mawazo yote niliyoyawaza, na yalikuwa mengi, hilo halikuwemo. Nilijiona namlinda asiumie, kumbe ukimya wangu ulikuwa unamwambia maneno ambayo nisingeyatamka hata kwa kulazimishwa.

Nilitaka kulia, ila bibi hakunipa nafasi. "Haya, mpasue tumwone," akasema. "Sote tuko hapa."

Nikachomoa waya ukutani, nikalilaza kasha mkekani, nikafungua skrubu za ubavuni. Bibi akashika simu animulikie. Alipoona ndani alitoa mguno. "Subhanallah. Hili limevuta zaidi ya babu yako." Nikafuta feni kwa kitambaa chenye spiriti, kikatoka cheusi. Kisha nikachomoa ramu, vile vipande viwili virefu ambavyo mashine huvitumia kukumbuka inachokifanya kwa wakati huo. Ukingo wake una vijino vya rangi ya dhahabu. Vyangu vilikuwa vimepata weusi.

Hapo hapo tukasikia, "Hodi wenyewe!"

Mama Rukia, kanga zake zimelowa mpaka magotini, amekuja moja kwa moja kutoka kwenye maji. Rukia nyuma yake. Wakanikuta na mashine imetawanyika mkekani kama samaki anayeparuliwa.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kanga iliyokuwa karibu. Nilitaka nivifunike vyote, niwaambie umeme umekatika, warudi kesho. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Bibi alizima taa ya simu na kunitazama tu.

Nikaiacha kanga.

"Shikamoo, Mama Rukia. Karibuni. Mashine ni mbovu. Ndiyo tunaitengeneza, kaeni muone."

"Marahaba." Hakukaa. "Kwa hiyo haifanyi kazi."

"Kwa sasa haifanyi."

Rukia akainamisha uso. Nikampa ufutio wa penseli na kipande kimoja cha ramu. "Njoo hapa. Shika pembeni, usiguse vile vijino kwa vidole. Futa polepole mpaka ving'ae."

"Vina meno?" bibi akauliza. "Afadhali yao."

Mama Rukia akacheka bila kutaka, na akicheka mtu hawezi tena kusimama mlangoni. Akakaa. Rukia akafuta, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, mpaka vijino vikang'aa. Tukavirudisha vipande vyote viwili, kila kimoja kwenye tundu lake, nikachomeka waya, nikamwambia abonyeze.

Feni zikazunguka. Kioo cheusi. Ikajizima, ikajiwasha.

Mimi wa jana yake ningevuruga kila kitu kwa mara moja, nichomoe hiki na kile, hata ikiwaka nisijue imewaka kwa sababu gani. Lakini nilikuwa nimeshasema lililo gumu kuliko yote, na baada ya hapo mashine ilionekana kitu chepesi tu. Nikachomoa waya, nikatoa kipande kimoja, nikaacha kingine. Bonyeza. Cheusi. Nikachomoa waya tena, nikakihamishia kile kile kwenye tundu la pili, bila kugusa kingine chochote.

"Bonyeza, Rukia."

Maandishi meupe yakatokea juu ya kioo. Rukia akaondoa kidole haraka kama ameungua. Bibi akavuta pumzi ya kigelegele, Mama Rukia akamzuia kwa mkono.

"Subiri, Bi Tatu. Izimeni. Iwasheni tena."

Tukaizima. Ikawaka.

"Na hayo ya kuipasua na kuifuta," akauliza, "naye atafundishwa?"

"Ndiyo atakayoanza nayo."

Akajikung'uta mchanga wa miguuni, akainuka. "Basi Temeke watafute mtu mwingine."

Hapo bibi hakuzuiliwa tena. Majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Lile tundu la kwanza nililisafisha baadaye kwa brashi na spiriti, likapona. Nilimwambia bibi ukweli wote, kwamba siwezi kuapa ni udi peke yake, kwamba chumvi ya upepo nayo ina sehemu yake. "Usinipunguzie kesi," akasema. "Nimeshakiri." Siku hizi Ijumaa ikifika hupiga kelele kutoka jikoni, "Mke mwenzangu, mfunike mumeo, nafukiza!" Nami naizima, naifunika, nafungua dirisha. Udi haujaondoka nyumbani kwetu, na mimi sijaondoka.

Sasa nasaha, mwanangu, kwa sababu nimekuweka muda mrefu na mashine yako inakungoja. Kompyuta ikikataa kuwaka, anza na lile unalolishuku kwa dhati, hata kama kulisema kunakutia aibu. Badili kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Kabla hujagusa ndani, chomoa waya. Hayo ni ya mashine. Ya watu ni haya: mzee unayempenda mwambie mapema, kwa adabu, umekaa naye chini, usimwache aokote ukimya wako na kuusoma vibaya. Na mgeni akikukuta katikati ya kazi mbovu, usiifunike. Mkaribishe aone unavyoitengeneza.

Jioni ile wageni walipokwisha kutoka nilikwenda nyuma ya mlango, nikatoa nguo zangu nikazitundika. Begi ndilo hilo unaloliona chini ya meza. Ndani yake mna vipuri, nyaya, na feni ile inayopiga kelele. Ukihitaji kitu, fungua uchukue.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioogopa kweli. Akupe na mzee wa kukukemea ukiwa bado kijana. Haya, chomoa waya, tuanze.