Foleni ya Kliniki

Bibi anayeuza vitumbua kwenye kona ya Mtaa wa Narung'ombe hukisemesha kila kitumbua kabla ya kukigeuza: "Pinduka mwanangu, usinitie aibu kwa watu." Vidole vyake siku hizi hata havisikii moto. Ukimpa shikamoo, anaitikia marahaba huku anakagua kola yako, na ikiwa chafu utajuta kupita. Ila wiki hii hakuwa na wa kumtania. Mzee Suud, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, alimwona kliniki akichukua ARV zake, akanong'ona, wateja wakayeyuka. Na bibi asipouza, hali chakula; na asipokula, vile vidonge vinamtia kizunguzungu mpaka anashika ukuta.

Leo asubuhi, nikiwa mteja wake pekee, nikamuuliza tu: "Bibi, kwani Mzee Suud alifuata nini kule?" Kijiti chake cha kugeuzia vitumbua kikasimama hewani. Macho yakaanza kucheka. Akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Suud wewe! Kule kliniki, kwenye foleni yetu ya dawa, ulikuwa mbele yangu au nyuma yangu?" Mkasi wa mzee ukakwama katikati ya kitambaa, wateja wake wakageuka kumtazama. Bibi akamwacha atoke jasho kidogo, kisha akasema kwa upole, "Au ulimsindikiza mtu?"

"Nilimsindikiza mtu!" akadakia mzee. Akavuka barabara, akanunua sahani nzima, akatafuna cha kwanza palepale mbele ya kadamnasi. Bibi akamfungia vilivyobaki kwenye gazeti.

"Na huyo mtu wako mwambie," akasema, "asimeze vidonge na njaa."