Meli Ikipanda Chelezoni

Kwetu Kabras hakuna ziwa. Kuna vijito vya kuchotea maji, na miaka ile kulikuwa na miwa, miwa mpaka mlangoni mwa jikoni. Lakini nyumba yetu ilijua mwendo wa meli moja ya abiria kuliko ilivyojua siku za soko. Watu nikiwasimulia hucheka. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha.

Baba alikuwa baharia katika meli iliyotoka Kisumu kwenda visiwani na miji ya ng'ambo ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kamba: kuifunga meli ikifika gatini na kuifungua ikiondoka. Likizo ya maana alipewa wakati mmoja tu kwa mwaka, meli ilipovutwa nje ya maji na kupandishwa chelezoni ili ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi. Mafundi walibaki nayo, mabaharia wakaambiwa waende makwao. Meli ikipanda chelezoni, baba anapanda basi. Tulikua tukijua hivyo, kama watoto wengine walivyojua Krismasi.

Kwa hiyo mama aliifuata ile meli kwa masikio. Malipo ya miwa yetu ya kwanza yalipotoka, majirani walinunua makochi na mapazia ya maua. Mama alinunua redio. Jioni, baada ya matangazo ya vifo, zilisomwa taarifa za meli: itaondoka lini, imecheleweshwa na upepo, haitatia nanga mahali fulani. Wakati wa vifo tulitakiwa kunyamaza. Wakati wa meli tulitakiwa tusipumue. Asubuhi yake, akiwa katikati ya shamba na jembe mkononi, husimama ghafla, akatazama upande wa kusini ambako hakuna cha kuona ila miwa ya jirani, akasema, "Saa hii wanafunga kamba." Kisha anaendelea kupalilia.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwaka wa tohara, na zamu ilikuwa ya kaka yangu. Katika ukoo wetu kijana hutahiriwa uani kwa baba yake, alfajiri, akirudi kutoka mtoni amepakwa matope. Baba husimama mbele yake. Hafanyi lolote, husimama tu, na kijana humkazia macho mpaka kisu kimalize kazi yake. Akipepesa, aibu ni ya nyumba nzima. Kaka yangu tangu mdogo alikuwa akifanya mazoezi ya kutopepesa, ananiambia nimtupie vumbi. Alipoulizwa kama ataweza, alijibu, "Baba akiwa hapo nitaweza."

Mwezi wa nane ukakaribia, na redio ikatangaza kwamba safari za meli ile zitasitishwa kwa ajili ya matengenezo ya mwaka. Wenye safari zao ng'ambo nadhani walilaani. Kwetu mama alipiga kigelegele, akaloweka wimbi wa pombe jioni ileile. Kaka alikabidhiwa njuga zake, akaanza kuzigonga, akizunguka kwa jamaa kuwaalika, mpaka kwa wajomba karibu na Mukumu. Kijana akishagonga njuga uani kwa mjomba, hakuna kurudi nyuma. Kuahirisha ni kumwitia mkosi. Kila mtu kwetu anajua hilo, na hilo ndilo kosa letu: tulimpa mtoto njuga kwa neno la watu wa bandarini, ambao hawakujua kwamba kuna njuga duniani.

Juma la mwisho, kondakta wa basi la Kisumu akatuletea salamu. Alisimama barabarani hata hakuingia uani. "Mzee anasema meli haipandi. Imeongezewa safari."

Mama hakumwamini. Alienda mpaka Malava, kwenye duka lililokuwa na simu, nami nikiwa nyuma yake. Aliposhika mkonga wa simu alinyoosha mgongo kama yuko kanisani. Karani wa bandari alikuwa na sauti ya juu, nilimsikia hata mimi.

"Matengenezo yameahirishwa, mama. Meli inasafiri kama kawaida. Abiria hawana shida."

"Mimi si abiria," mama akasema.

"Basi shida yako ni gani?"

Mama alifungua mdomo, akawatazama mwenye duka na wateja wake. Ungemwelezaje mtu kama yule? Akarudisha mkonga taratibu. Njiani aliniambia kitu kimoja tu: kwamba meli ilipositisha safari walitangaza redioni, na walipobadili nia hawakutangaza, kwa sababu kwa abiria hakuna kilichobadilika. Nilikuwa msichana mdogo, lakini nilikasirika. Bado nimekasirika.

Na sababu ya safari kuongezwa? Sukari. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa imeadimika, na wachuuzi waliijaza meli ya abiria mpaka vyooni. Sukari ile ilitoka wapi kama si kwetu? Trekta zilipita mlangoni zikiangusha miwa, tukala vumbi lake, tukasifiwa mikutanoni kwamba tumeendelea. Miwa yetu wenyewe ndiyo iliyomzuia baba majini. Tangu siku hiyo sijanywa chai yenye sukari, na nikikaribishwa huambiwa ni ugonjwa. Si ugonjwa.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja na koti lake jipya la pesa za miwa. Alikuwa amefurahi, na hakuficha. "Nitasimama mimi," akasema. "Pombe ikishaiva haingojangi mtu wa meli."

"Mtoto anamngoja baba yake," mama akajibu.

"Shemeji, huyo mtoto atangoja mpaka lini? Wewe ulimngoja mpaka ukazoea."

Mama akaingia jikoni, akaendelea kusonga obusuma, ugali wa wageni. Mimi ningeweza kumpiga yule mzee kwa mwiko wa moto.

Alfajiri ya tohara kaka alirudi kutoka mtoni akiwa tope tupu, na watu wakiimba nyuma yake. Aliingia uani, akatazama mahali ambapo baba alipaswa kusimama. Akamwona baba mkubwa, mikono nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Niliona macho ya kaka yakimpita, yakaenda juu ya bega lake, upande wa kusini, kwenye miwa ya jirani. Akayagandisha huko. Hakupepesa. Wanaume walipiga mayowe ya furaha na kuku wakaanza kukamatwa, na baba mkubwa akapokea pongezi kana kwamba yeye ndiye aliyekatwa. Mama alikuwa amesimama nyuma ya jiko, kanga mdomoni.

Meli ilipanda chelezoni mwezi uliofuata. Redio ikatangaza, na safari hii hakuna aliyetunyamazisha. Baba alishuka kwenye basi na mfuko mkubwa wa sukari begani, zawadi ya kampuni kwa mabaharia waliofanya safari za ziada. Sukari! Kutoka Kisumu, kuja Kabras. Mama aliupokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akampikia ingokho, kuku wa heshima, kama inavyotakiwa, kisha akamwekea chai mbele yake. Baba akaionja, akamtazama. Haikuwa na sukari. Mfuko ulikuwa palepale mezani, haujafunguliwa.

"Ningemwachia nani kamba?" baba akasema. Hakuwa ameulizwa.

"Sijui," mama akasema. "Mimi mambo ya kamba sijui."

Ndipo baba akatoka kwenda kwenye nyumba ya vijana waliotahiriwa, ambako kaka alikuwa bado akipona. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama mlangoni. Ndani hamkuonekana mtu, giza tu na harufu ya majani ya dawa. Alisafisha koo, akasimama wima, mikono ubavuni, nadhani ndivyo alivyokuwa amejiandaa kusimama uani.

"Mwanangu," akasema, "niambie. Ulisimama vizuri?"

Kaka akajibu kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo kabla ya tohara, bila ukali wowote.

"Waulize waliokuwepo."

Baba alibaki pale mlangoni. Hakuna aliyemwambia aingie.