Juisi yangu kwenye friji ya maabara

Nani ametoa kingamwili kwenye friji akaweka juisi ya ukwaju?

Nimefoka hivyo leo maabarani kwa Salma, mtoto wa ndugu yangu. Anachunguza kwa nini mwani wa Paje unakufa. Kingamwili hiyo hushika kimeng'enya kimoja tu, kile kinachoukinga mwani na madhara ya jua kali. Ikipata joto huharibika, haikitambui tena.

Nimeibeba mwenyewe ndani ya barafu kutoka ughaibuni, ninakoishi miaka mingi, jana nikamkabidhi Salma!

Leo nimeikuta mezani, ubavuni mwa birika la chai. Tangu asubuhi.

"Juisi ya nani hii?"

Bi Mwanaidi wa mapokezi akacheka. "Yako, babu. Salma katwambia mgeni wake anakuja, nkaona nkupoozee."

"Mgeni? Mimi nimezaliwa Malindi, mtaa wa mji huu huu!"

"Haya, mwenyeji, kaa kitako unywe."

Sikuigusa.

Salma anaijaribu kingamwili sasa kwenye mwani ambao ana hakika una kimeng'enya hicho. Hajaniangalia usoni.

Kingamwili isipokitambua, nitalaumu joto. Na mji usiponitambua mimi, nilaumu nini? Niambieni, nyinyi mnaonijua.