Kikombe Alichokiacha Salma

Nnakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, hapa hapa Bawshar, niliposema "ndiyo" ambayo mpaka leo natamani ingelikuwa "la".

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa baraza la wazazi la skuli ya wasichana ya mtaa wetu, kiti ulichokikalia wewe sasa. Dada yangu Salma alikuwa mwalimu mkuu kule Mabela, kwenye nyumba mpya na watoto tele. Wasichana wake walisoma kwa zamu, na mwalimu wa fizikia hawakuwa naye. Sisi tulikuwa na wawili, na maabara iliyofungwa kila adhuhuri. Salma akazunguka Sib, Mabela na Bawshar akizishawishi skuli tatu zishirikiane: mwalimu wetu mmoja awe anakwenda kwao siku mbili kwa wiki, wasichana wao waje alasiri kutumia maabara yetu, na Sib watoe basi la kuwaleta. Kidole kimoja hakivunji chawa, akituambia. Mabaraza yote matatu yalitakiwa yakubali.

Ijumaa hiyo, baada ya sala, akaja jirani yangu Khalfan na wazazi wenziwe. Nikamimina kahawa. Khalfan akakipokea kikombe, akakiweka chini. Kwetu unajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka apewe.

"Kunywa bwana, inapoa."

"Naipoe. Mwalimu wetu asitoke."

"Khalfan, wale nao watoto wetu."

"Wetu kwanza. Au siku hizi baraza linaongozwa na dada yako?"

Wakacheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee; mimi mgeni alinijia nikaugua. Niliona haya, kikombe kimejaa mbele za watu. Nikasema, "Kunywa. Hatoki."

Akanywa mkupuo mmoja, akakitikisa kikombe, ishara ya kuwa ametosheka.

Bawshar ilipokataa, Sib nayo ikajitoa. Salma akanijia, habari keshazisikia. Nikammiminia kahawa. Akaiweka chini.

"Kumbe kaka humkubalia asiyekunywa," akasema. "Basi na mimi sinywi, mpaka ile maabara ifunguliwe."

Nilidhani utani wa ndugu. Kila Idi alikuja, akala halua, akawabusu wanangu, na kikombe akakiacha kimejaa. Ningeliweza kuitisha kikao upya. Sikuitisha, niliogopa kuchekwa kwa kuligeuza neno langu.

Sasa nnazunguka mimi. Sib wamekubali. Mabela wanangoja. Limebaki baraza lako, na sitachoka kukugongea mlango. Watakujia, mwanangu, na vikombe watavitua chini. Wakirimu, waongezee halua, lakini usimridhishe mgeni kwa haki ya mtoto ambaye hayupo sebuleni. Kahawa iliyopoa humwagwa, ikapikwa nyingine; mwaka wa masomo uliompita msichana haupikwi tena. Na ukikosea, geuka siku ile ile, wacheke watakavyo.

Mola akupe uso mkavu penye haki na moyo laini kwa mtoto wa mwenzio, na nyumba yako isipungukiwe wageni wala ndugu.

Mimi, kwa kumridhisha jirani, nilimpoteza dada yangu: Salma alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita, na kahawa ya nyumbani kwangu hakuinywa tena.