Saruji Katikati ya Jina

Kaka yangu mkubwa anaiamini kompyuta kuliko anavyomwamini mama aliyemzaa. Nasema hivi bila kuomba radhi, kwa sababu niliona kwa macho yangu, na wengine waliokuwepo waliona pia, ila wao walipiga makofi.

Kaka ni afisa kule Mji wa Serikali. Ofisi gani, sisemi, maana zote zinafanana: kiyoyozi, bendera ndogo mezani, na mtu anayetaja "mfumo" kwenye kila sentensi. Mfumo umegoma, mfumo unasoma, mfumo haudanganyi. Alipopewa kompyuta mpakato yenye programu ya ramani, ile inayochora vilima na mabonde kwa mistari ya kontua kisha ikaviinua vikasimama kwenye kioo, tulikoma. Kila akija kwangu Mkonze, kabla hajamwamkia mama vizuri, ameshaifungua mezani na kusukuma sahani pembeni. Mimi nafundisha jiografia sekondari. Nimechora kontua ubaoni tangu nianze kazi, chaki imenikausha vidole, na bado kaka alinikalisha siku moja akanieleza kontua ni nini.

Mama anaishi na mimi. Miguu yake inavimba, moyo wake umechoka, na daktari ametuambia tusimzungushe ovyo kwenye magari. Mwaka huu alitamka jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba muda mrefu. Akifa, asizikwe hapa mjini. Apelekwe Haneti, tena siyo kijijini, bali kwenye mahame, pale lilipokuwa tembe lao kabla serikali haijawakusanya watu kwenye vijiji. Pale amelala mtoto wake wa kwanza, aliyefariki akiwa mchanga. Siku hizo mtoto wa namna hiyo hakupelekwa mbali. Alizikwa kando ya ukuta wa nyumba, upande anaolala mama yake. Halafu watu wakahamishwa, tembe likaezuliwa, kuta zikayeyuka kwa mvua zikawa udongo kama udongo mwingine. Mama alitaka alale karibu na huyo mtoto. Hakuomba kingine.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua mahali penyewe, na mama hakuwa wa kuzungushwa na magari kupatafuta. Baba alishatangulia. Miti ya alama iligeuka mkaa zamani, na vichaka vimekuwa mashamba ya alizeti na karanga. Kaka akasafisha koo.

"Hiyo niachieni mimi. Mimi nilizaliwa pale."

Kweli alizaliwa pale, ila aliondoka akiwa mgongoni mwa mama, na kama alikumbuka kitu basi ni kanga. Akaongeza kwamba yeye ndiye mkubwa wa nyumba hii na mambo ya makaburi ni ya mkubwa. Huo ukubwa tumeusikia tangu utotoni. Ndio uliompa mapaja ya kuku, ukampa na redio ya baba.

Baada ya muda akaitisha kikao cha ukoo. Kikao kilikuwa chake, sebule ilikuwa yangu, na aliyepika ni mimi. Shangazi walikuja, wajomba walikuja, wakashiba, kaka akaunganisha kompyuta yake na televisheni. Vilima vya Haneti vikatokea vimechongoka mpaka vinatisha. Programu ina mahali pa kuvuta vilima kwenda juu ili vionekane vizuri, na kaka, ambaye hajawahi kupenda kitu cha saizi yake, alikuwa amevivuta mara tatu. Katikati ya bonde ilisimama pini nyekundu.

"Mahame yetu ni hapa," alisema. "Nimeshaongea na mwenye shamba."

Hapo ndipo walipopiga makofi. Mama alijisogeza mbele kwenye kiti, akatazama sana, akauliza, "Hiyo milima ni ya wapi?"

Wakacheka. Mjomba mmoja alicheka mpaka akavua miwani.

Tukaenda. Katekista aliketi mbele, mifuko ya saruji ikakaa nyuma, na mama katikati yetu na mto wake wa kuegemea, kwa sababu kaka aliamua kwamba safari hii ilikuwa ya lazima. Pini ilituongoza hadi kando ya barabara, pazuri pa kuegesha gari. Mafundi wakamwaga zege la mraba na kusimamisha msalaba mdogo, katekista akasali, shangazi wakalia machozi ya kweli mbele ya karanga za watu. Mama hakushuka. Alitazama nje upande mmoja, akatazama upande wa pili, akasema, "Hapa si kwetu."

"Mama, satelaiti imeona," kaka akamwambia kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto.

"Hiyo satelaiti ilizaa hapa?"

Kaka alitugeukia sisi akagusa kichwa chake kwa kidole, na shangazi wakatikisa vichwa kwa huruma. Huruma ile iliniudhi kuliko kicheko cha kikaoni. Tangu siku hiyo wakimtembelea mama wanazungumza juu ya kichwa chake kama vile ametoka chumbani. Wananiuliza mimi kama amekula, naye amekaa hapo hapo na kijiko mkononi. Na mama akaacha kulitaja kaburi. Akaanza kula nusu, kisha robo, akisema mlenda umekuwa na chumvi. Haukuwa na chumvi. Nilijua wameshamzika pale barabarani na yeye analijua hilo.

Nina kompyuta ya mezani, kuukuu, feni yake inakoroma kuliko mlinzi wa shule. Jumamosi moja nilitia bando, nikapakua programu ile ile ya kaka pamoja na ramani ya vilima vya upande wa Haneti, kazi iliyokatika kila umeme ulipokatika. Kisha nikafungua faili alilotutumia kwenye kundi la ukoo, lenye kichwa cha habari cha herufi kubwa.

Pini ilikuwa katikati ya neno Haneti. Sisemi katikati ya kata, nasema katikati ya neno, pale lilipoandikwa kwenye ramani. Nikakuza picha kidogo, neno likahama, kama majina ya ramani za kompyuta yanavyohama yakitafuta nafasi ya kuandikika. Pini ikabaki peke yake kando ya barabara. Basi huo ndio uliokuwa utafiti wote. Mheshimiwa aliandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, na mahali herufi zilipoangukia akamwaga saruji. Kwa elimu hiyo, mtu angetafuta ziwa akachota maji kwenye maandishi. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza akifanya hivyo namsimamisha mbele ya darasa.

Nikampigia simu.

"Shikamoo kaka. Ile pini uliipataje?"

"Marahaba. Mfumo ndio ulioipata."

"Iko kwenye jina. Umeliwekea zege jina."

"Wewe mwalimu wa sekondari ndio unifundishe mimi mfumo?" Akakata.

Jumapili, baada ya ibada na chakula, nilimweka mama mbele ya kioo. Nilikuwa nimeshavirudisha vilima kwenye urefu wao wa kweli. Alijifunga kitenge upya kama anayepokea mgeni.

"Mbona tuko juu hivi, kama tumepanda paa?" akauliza. "Nishushe."

Ndilo kosa letu sote, na kaka ni wa kwanza. Tulimwonyesha nchi yake kutoka mbinguni, mahali ambapo hajawahi kukaa hata siku moja. Programu inakuruhusu kushuka mpaka usawa wa macho na kusimama kama mtu. Nikashuka. Alizeti hazikuwepo, barabara nilikuwa nimeizima, vilibaki vilima tu na mbingu. Mama akaacha kupumua kwa muda, nikaogopa.

"Hicho kikubwa nakijua," alisema polepole. "Ila kimekaa vibaya. Sogea."

"Upande gani?"

"Wa korongo. Sogea. Mimi nikikaa mlangoni napepeta uwele, kile kidogo kinajificha nyuma ya kikubwa, kinabaki kichwa tu. Sogea tena. Umepita! Rudi."

Nilirudi. Kilima kidogo kikaingia nyuma ya kikubwa taratibu, kikabakiza kichwa. Akaniambia nigeuke sasa, nitazame nyuma ya nyumba, anakopita akienda kuni. Huko alitaka kuona pengo kati ya miinuko miwili, na ndani ya pengo, mbali, jiwe moja refu. Pengo lilikuwepo lakini lilikuwa limefumba upande mmoja. Tukapanda kidogo, tukashuka kidogo, kila mara nikigeuka kuhakikisha kile kichwa hakijapotea. Mama alikuwa mkali. Alinikemea kama alivyonikemea nikiwa mtoto nikimwaga maji. Sijawahi kufurahia kukemewa namna ile.

"Simama," alisema, jiwe lilipotokea ndani ya pengo. "Hapo. Hapo mlango."

Kisha akanyoosha kidole akagusa kioo, chini, mkono wa kushoto. "Na yeye yuko hapa."

Hapakuwa na kitu hapo, rangi ya kahawia tu. Kutoka hapo hadi msalaba wa kaka ni mwendo wa kuvuka korongo zima. Nilibonyeza ili kupaweka alama, kisanduku kikafunguka, na kila nilipokifunga kikafunguka tena.

"Kinataka nini?" mama akauliza.

"Kinataka jina, mama. Hakihifadhi bila jina. Niandike 'Kwa Mama'?"

Aliegemea mto wake. Nje kuku wa jirani walikuwa wanagombana, na nilidhani amechoka, nikataka kumwambia apumzike.

"Alikufa kabla watu hawajamwita jina," alisema. "Lakini mimi nilikuwa nalo."

Akalitamka. Nilikuwa silijui, na nimekuwa mtoto wake maisha yangu yote. Niliandika huku herufi zikicheza machoni, nikamsomea, akanisahihisha, nikaandika tena. Jina likatokea kwenye kioo juu ya ile kahawia. Hapa silitaji. Mama akaangalia muda mrefu, halafu akaomba chakula, na akala sahani nzima ya ugali na mlenda ule ule wenye chumvi.

Nililituma faili kwenye kundi la ukoo bila neno lolote. Mjomba wa miwani aliweka kidole gumba. Kaka alipiga simu kesho yake, mchana wa kazi, nikasikia kiyoyozi chake kikivuma.

"Sawa, nimepaona. Tutapahakiki," alisema. "Lakini hapo umeandika jina la nani? Kwenye ukoo wetu hakuna mtu huyo."

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya zege, mengine ya kumwacha bila nguo. Nikampa mama simu, nikamwambia, "Anauliza jina ni la nani."

Mama aliiweka sikioni. "Ni la kaka yako," akamwambia. "Mkubwa wako."

Kiyoyozi kikavuma, kikavuma.

"Sawa mama," kaka alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nije lini?"

"Njoo Jumamosi, tukamfyekee. Saruji iache."