Maji ya Kwenda na ya Kurudi

Watu wa gatini walimwita Mama Mikanda kwa sababu alishona mikanda ya mashanta. Chumba chake kilitazama barabara inayotoka gatini: cherehani moja, meza ndefu, na karai la viatu vilivyosahauliwa na wenyewe. Kisiwa kilikuwa kikavu kama ngozi ya ngoma, na kila msimu wageni walishuka kwenye boti wakitaka kukivuka kwa miguu, mwisho hadi mwisho, kisha warudi.

Hakumwacha mtu aende hivi hivi. Alimwaga shanta lote mezani, akaanza kuchambua.

"Pasi? Huko unakwenda kumpigia nani pasi, mijusi?"

Wakati wanacheka, pasi ilikuwa imeshawekwa pembeni. Vitu vizito, aliwaambia, vikae vikiegemea mgongo, la sivyo shanta litakuvuta nyuma kama mtoto anayelilia kubebwa. Maji usiyatie kwenye chombo kimoja, kikipasuka, umekwisha. Viatu vipya vivae nyumbani mpaka vikuzoee. Mguu ukianza kuwaka, simama hapo hapo ubandike plasta, usingoje lengelenge. Tembea kabla jua halijakasirika. Mchana jilaze kivulini, hata kama ni cha jiwe. Na ukipotea, rudi ulikotoka.

"Ukifika katikati," alimalizia, "mwambie dada yangu nimemsalimu."

Dada yake mkubwa, mjane, aliishi peke yake katikati ya kisiwa, kwenye nyumba yenye tanki la maji ya mvua. Wasafiri wote walilala kwake. Mama Mikanda mwenyewe hakuwahi kufika huko; kila mwaka kazi ilimbana. Salamu zao zilikwenda na kurudi na wageni, mpaka mvua ziliposusa. Hapo majibu ya dada yake yakawa mafupi. "Mwambie tanki limeshuka." Msimu uliofuata: "Mwambie asiniletee watu tena." Wenye boti wakaacha kuleta wageni, na barabara ya lori lililompelekea dada maji ikakatika korongoni. Njia ikanyamaza kimya.

Mama Mikanda alivumilia weee, mwisho akafunga chumba. Jirani yake, mwenye duka la taa, alimshika mkono.

"Kwa umri huo? Utafia njiani, mama."

"Njia hii nimefundisha wangapi?"

Na kweli, kila kitu kilikwenda kama alivyozoea kusema. Miguu haikutoka lengelenge. Mikanda haikumkata mabega, ingawa alibeba maji mengi kuliko ambayo angemruhusu mgeni yeyote. Alfajiri alitembea, mchana alijilaza chini ya miamba, na hatimaye akaiona nyumba.

Dada yake alikuwa amekaa mlangoni, amebaki mifupa na macho.

"We mtoto, nani kakuleta huku?"

"Miguu yangu, dada."

Tankini lilibaki tope tu. Dada alikuwa akiteremsha kikombe kwa kamba, kisha akingoja uchafu utuame.

"Nimebeba maji ya kurudia, yako na yangu," alisema Mama Mikanda. "Twende nyumbani."

"Kwa magoti gani?"

"Nitakushika."

Walijaribu. Kulipopambazuka walitoka wakishikana, wakaenda mpaka pale njia inapopinda. Dada akaketi kwenye jiwe, taratibu, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda.

"Nirudishe ndani, mdogo wangu. Usinifanye nife barabarani."

Akamrudisha. Akamlaza, akamsuka nywele zilizobaki, wakazungumza habari za mama yao. Wote wawili walijua maji hayatoshi kukaa pamoja. Kesho yake Mama Mikanda alipanga vyombo vya maji vya dada yake kando ya kitanda, akachukua vyake.

"Nakwenda kuleta watu wa kukubeba."

"Haya," dada alisema. "Nenda kabla jua halijapanda."

Gatini alizunguka mpaka sauti ikamkauka. Wenye magari walisema korongo halipitiki. Vijana wa kupakua mizigo waliahidi wiki ijayo, na wiki ijayo wakaahidi nyingine. Jirani alikuwa tayari kwenda, lakini peke yake angembeba vipi mtu?

Kisha wakaja mafundi wawili wa visima, waliovuka kwa miguu kutokea upande wa pili. Walisimama mlangoni pake, kofia mkononi.

"Wewe ndiye mdogo wake yule mama wa katikati?"

Alijua kabla hawajasema. Walimkuta kitandani, walisema, ameshapoa. Chombo kimoja kilikuwa kitupu. Vingine vilikuwa vimejaa, amevifunika kwa kitambaa safi na kuvisogeza karibu na mlango, mahali ambapo mtu anayeingia angeviona.

"Tulidhani alikuwa akimngoja mtu," alisema mmoja.

Mama Mikanda aliuliza kama walimzika vizuri. Walijibu kwamba ardhi ilikuwa ngumu, lakini walijitahidi. Akawashukuru. Boti ikapiga honi, wakaaga, wakaenda. Yeye akabaki pale pale kwenye kiti, mpaka jirani alipokuja kumuuliza kama amekula, naye hakukumbuka.