Pikapu Iliyohitaji Mteremko

Barua ilinifikia hapa Meru Jumanne, imekunjwa mara nne, mkononi mwa kondakta wa basi la Embu ambaye hakutaka kunitazama usoni. Nikajua kabla ya kuifungua. Yule afisa mstaafu wa mifugo wa Kianjokoma, mwenye pikapu ya kijani, hayupo tena. Ningependa kumwita rafiki, ila kwa haki tulikuwa watu wa kufahamiana tu: tulikaa dawati moja katika masomo ya jioni pale Embu, watu wazima wenye ndevu na magoti yasiyoingia chini ya meza, tukikariri mito ya nchi ambazo hatutazikanyaga milele. Baada ya mtihani tukawa tunaonana mara mbili kwa mwaka, ikizidi tatu. Lakini nyinyi wasomaji mnamjua. Miaka miwili iliyopita nilimwandika hapahapa gazetini, mkacheka, mkaniletea barua nyingi hata mke wangu akazitumia kuwashia jiko mpaka Krismasi. Leo ningetamani kuirudisha safu ile kwenye kalamu.

Kwa asiyekumbuka, pikapu ile haikuwa na starta ya kutegemewa. Alikuwa amebadilisha starta, akabadilisha betri, akabadilisha fundi, na kila kipya kilifanya kazi wiki tatu kisha kikajiunga na wafu. Huku kwetu milimani hilo si jambo la kumtoa mtu barabarani. Unaegesha gari likitazama bondeni, asubuhi unatoa breki, linateremka, unaachia klachi, linakohoa, linawaka. Basi mwenzetu akayapanga maisha yake yote kwa miteremko. Duka alilonunua chumvi lilichaguliwa kwa mteremko. Alihama kanisa alilobatiziwa, kwa sababu lilijengwa penye tambarare, akahamia lile la juu ya kilima, na mchungaji wa huko mpaka leo anadhani alivutwa na mahubiri. Nilipomwalika huku kwangu Kinoru aliniuliza kwanza uwanja umelalaje. Na siku ya mazishi ya baba mkwe wake huko Nkubu, alipokosa kilima cha kuegesha, aliacha injini ikinguruma saa nne nzima, ikawa mchungaji akisema “mavumbini” pikapu inaitikia. Hayo yote niliyaandika, nikiongeza chumvi kidogo, labda kilo.

Lakini kulikuwa na siku moja ambayo sikuiandika sawasawa. Aliniita kwake Kianjokoma, akanikalisha kibarazani, pikapu ikiwa mbele yetu kwenye mteremko wa boma kama ng'ombe anayesubiri kupimwa. Watoto wake wakubwa walikuwa wamemchosha kwa maneno. Wanataka auze, achukue gari dogo linalowaka kwa ufunguo kama magari ya watu. Yeye alikumbuka kwamba pikapu ile ndiyo iliyowaleta watoto haohao kutoka hospitali walipozaliwa, na kwamba hakuna ng'ombe wa tarafa nzima aliyetibiwa bila kuisikia ikija. “Wewe ndiye uliyeendelea na kitabu, riika,” akaniambia, maana tulikuwa wa rika moja na ndivyo tulivyoitana. “Amua wewe. Nitengeneze ama nibadilishe?” Mkewe alikuwa akituwekea chai. Hakukaa. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama sukari inatosha, “Kabla hujaamua, uliza ni nani husukuma. Yeye hushika usukani. Mimi nashika matope.” Ni kweli, siku za mvua mteremko peke yake haukutosha, na nyuma ya pikapu palikuwa na mahali pa mkewe, palipong'aa kwa mikono yake. Tukacheka, mimi na mwenzangu. Naye akacheka kidogo, akarudi jikoni.

Nilirudi nyumbani nikaandika safu kwamba atengeneze. Nikapiga mfano wa mzee anayekohoa asubuhi lakini bado analima, nikapachika na “ya kale ni dhahabu”, maana aliyesoma usiku hapitwi na nafasi ya kutumia methali. Maneno ya yule mama niliyaacha nje. Nafasi ilikuwepo. Niliyaacha kwa sababu yalikuwa yanaharibu kicheko, na mimi nilijua kicheko ndicho wasomaji wangu hununulia gazeti. Baadaye nikasikia kwamba mwenzangu aliikata safu ile, akaitia kwenye karatasi ya nailoni, akaibandika mbele ya usukani. Kila mtoto alipofungua mdomo kuhusu kuuza, alimwonyesha kwa kidole. Mambo yamekwisha, gazeti limesema.

Mwezi uliopita binti yao wa mwisho alikuwa anachumbiwa, na wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Mnajua sisi. Mgeni wa mahari hawezi kuketi kwenye kiti kinachoinama, uji ukamwagika akasema tumemdharau. Kwa hiyo wiki nzima wanaume wa ukoo walichimba kwa majembe, wakasawazisha boma likawa tambarare kama meza ya karani. Sherehe ilipendeza, wakwe wakaketi wima, wakasifu. Hakuna mtu hata mmoja, hata mwenye pikapu, aliyekumbuka kwamba udongo waliokuwa wakiuondoa ndio uliokuwa starta ya gari lile. Siku nne baadaye, mvua ikinyesha, karibu saa nne asubuhi, kifua kilimbana mwenzangu. Wanaume wa jirani walikuwa wamepeleka majani chai kituoni. Simu ya karibu iko posta. Jirani mmoja mwalimu akaja kushika usukani, na nyuma wakasimama mkewe, binti yule mchumba na wanawake wawili. Walisukuma kwenye tambarare ile mpya iliyolowa, wakianguka na kuinuka, mpaka wakalifikisha langoni. Barabarani ndipo likawaka. Mwalimu anasema ilikuwa nusu saa. Mjane anasema hajui, yeye alikuwa anatazama chini.

Walifika hospitali akiwa hai, akafariki siku ya pili. Daktari aliwaambia moyo ulikuwa umechoka kitambo, na kwamba huenda hata kufika mapema kusingesaidia. Hilo “huenda” ndilo nimelala nalo tangu Jumanne. Nimewaza mambo mengi juu ya nchi hii changa tuliyoirithi ikiwa imeshatumika, yenye bodi na kamati na madaraja ya mbao tunayoyatia viraka tukijisifu kwamba sisi si watu wa kutupa vitu. Kutia kiraka si kosa. Mimi mwenyewe ni kiraka, nilitiwa elimu nikiwa na miaka thelathini. Ila nimegundua kwamba mara nyingi wanaopiga kura kwamba chombo kiendelee ni walioketi ndani yake. Na wenye kalamu, sisi tunaosimama kando tukisimulia kwa madaha, tunapigiwa makofi na hao walioketi.

Nilikwenda mazishini. Pikapu ilikuwa imesimama palepale penye tambarare, ikiziba njia ya jeneza, na wanaume wakaizunguka ili waisogeze. Mjane akainuka kwenye kiti chake, na kabla mtu hajaelewa alikuwa ameshaweka mikono nyuma ya pikapu, mahali pake pa siku zote. Shemeji zake wakamshika mabega wakamrudisha. Sijui kama alijua alichokuwa akifanya.

Baada ya watu kula, watoto walinijia kwa heshima, wakubwa wote, wakaniuliza, kwa kuwa baba yao aliniamini, watengeneze ama wauze. Nilikuwa na methali tatu mdomoni. Nikazimeza, nikaenda alipoketi mama yao, nikachuchumaa, nikamwuliza yeye. “Ile karatasi yako nimeisoma mara nyingi,” akasema. “Nimejitafuta, sijajiona.” Nikamwambia ni kweli, hayumo, na kwamba kosa ni langu. Hakuniambia “si neno.” Akageuka kutazama pikapu, kisha kaburi lililokuwa hatua chache kutoka pale, na akapunguza sauti.

“Iuzwe,” akasema. “Lakini ngojeni udongo ukauke kwanza. Asione.”

Kwa hiyo safu ile ya miaka miwili iliyopita naifuta leo kwa mkono wangu. Mtu akikuuliza atengeneze ama abadilishe, usitazame injini, wala usimwulize mwenye usukani. Zunguka nyuma, utazame mikono ya anayesukuma, na yeye ndiye umwache aseme.